Mashine ya Mkono wa Kushoto

Gari lile tulilisugua kwa stilwaya. Naliweka jambo hili mwanzoni kabisa, maana kwa miaka miwili nilikuwa nalizunguka kwa maneno mengine. Niliwaambia watu rangi imechoka. Niliwaambia ukungu wa huku kwetu Lushoto hauachi kitu. Hapana. Ilikuwa stilwaya, ile ile ya kusugulia sufuria, na aliyeigawa ni mimi.

Mume wangu alikuwa hospitalini. Alikuwa bwana mifugo, akizunguka na wafugaji wa Kwai mpaka alipostaafu, na asubuhi moja alipokuwa akienda kukamua ng'ombe wetu, mkono wake wa kulia ulikataa kushika ndoo. Kiharusi. Alilazwa wiki tatu. Walipotuambia ataruhusiwa kesho yake, nilikimbia nyumbani kutayarisha chumba, na akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani wakaja kunisaidia, kama tunavyofanya kwa kila mwenye mgonjwa. Jirani yetu Mwislamu naye akaja na dumu lake la maziwa. Tulifagia, tukapiga deki, tukafua mashuka, tukachemsha viazi. Kufika saa nne kazi zilikuwa zimekwisha na mikono bado ina hamu. Ndipo mmoja akauliza, "Na gari la baba, tunaliacha na vumbi hivi?"

Pale kijijini hakuna asiyejua habari za gari la mume wangu. Ni gari dogo la buluu iliyokoza, lenye umri wa kutosha kuwa na wajukuu, na kila Jumamosi baada ya chai alilipiga polishi kwa mkono. Alikuwa na kopo la nta, vipande vya fulana kuukuu, na utaratibu wake: paa kwanza, kisha milango, mwisho boneti. Saa tatu nzima. Nilikuwa nikimtania kwamba kama angenitunza mimi hivyo nisingekuwa na mkunjo hata mmoja. Naye alikuwa akijibu kwamba gari halimbishii.

Sasa, huku kwetu mwanamke anajulikana kwa sufuria zake. Mgeni akiingia jikoni, macho yanakwenda kwanza pale zilipopangwa kifudifudi, na ukiwa na moja yenye masizi utasikia habari zake Jumapili. Njia ya kung'arisha tunayoijua ni moja: stilwaya, sabuni ya unga, na nguvu za bega. Kitu kikipendwa zaidi kinasuguliwa zaidi. Basi niliingia jikoni nikatoa stilwaya zote nilizokuwa nazo, nikawagawia. Tuliimba. Tulisugua paa, milango, boneti, hata kifuniko cha tangi la mafuta. Gari lilipokuwa limelowa liling'aa sana, tukapongezana. Lilipokauka likageuka rangi ya jivu, limejaa mikwaruzo ya mviringo kutoka mbele mpaka nyuma. Mmoja akasema labda halijakauka vizuri. Tukasubiri. Lilikuwa limekauka.

Kesho yake mume wangu aliletwa. Akina mama walijipanga barazani kumpokea, hakuna aliyekuwa na wimbo. Alishuka taratibu, akasimama na fimbo yake, akalitazama gari lake kwa muda. Kisha akawageukia, akasema kwa ule mdomo uliokuwa bado mzito, "Asanteni sana, akina mama. Mmejichosha." Akaingia ndani.

Siku ya pili aliomba lile turubai tunalofunikia majani ya ng'ombe, na gari likafunikwa. Halikufunuliwa tena.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikiudhika utajua kabla sijavua viatu, na baada ya nusu saa nimeshasahau, nakuuliza kama umekula. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na hivyo ndivyo nilivyofundisha. Mume wangu siyo hivyo. Nilimsubiri anikaripie. Nilisubiri wiki, nikasubiri mwezi. Tulizungumza habari za ng'ombe, za kabichi, za mvua, na za mwanetu wa kike anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai kule Bulwa. Habari za gari hazikuzungumzwa. Nikaamini amenikasirikia ile hasira isiyosemwa, na hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, maana huna pa kuanzia kuomba radhi. Kila nilipopita uani na ndoo, lile turubai lilikuwa pale, na mimi nilipita haraka.

Mkono wa kulia haukurudi. Mguu ulirudi nusu, maneno yakarudi yote. Kwa mkono wa kushoto alijifunza kula, kunyoa ndevu, kuandika jina lake, hata kukamua kidogo, ng'ombe akiwa na subira. Jumamosi tu ndizo zilizomshinda. Baada ya chai alibaki kitini akitazama bonde mpaka jua linapanda, mtu ambaye sijawahi kumwona amekaa bure.

Wazo lilinijia mjini Lushoto, nilipopita mbele ya fundi rangi mmoja aliyekuwa akipiga polishi gari la watu kwa mashine. Nilisimama. Mahali mashine ilipopita, rangi iliyofifia ilirudi ikawa nzito na yenye kina. Nikamsimulia ya kwangu, ila sikusema ni nani aliyesugua. Fundi akaniambia kwamba juu ya rangi ya gari kuna tabaka jembamba lisilo na rangi, na mikwaruzo mingi huishia pale. "Mama, pitisha kucha yako kukatiza mkwaruzo. Kucha ikinasa, hapo ni kupaka rangi upya. Isiponasa, polishi inautoa."

Siku hiyo mchana mume wangu alipolala, nilikwenda uani kama mwizi, nikainua pembe ya turubai, nikapitisha kucha kwenye mlango. Haikunasa. Nikajaribu mlango mwingine, nikajaribu boneti. Haikunasa popote. Nilikaa pale chini ya turubai nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kucha.

Nilirudi kwa fundi. Akasema nimletee gari, Jumamosi jioni nitakuwa nalo. Nikamjibu kwamba silileti. Mtu aliyelifanya gari lile kuwa gari alikuwa mume wangu kwa mkono wake, na kama lingerudi kung'aa kwa mkono wa mtu mwingine, lingekuwa limesuguliwa mara ya pili bila ruhusa yake. Nilitaka alifunue mwenyewe. Nilitaka anirudishie Jumamosi, na kusema kweli, nilitaka anisamehe. Hayo yote nilitaka kuyanunua kwa mashine moja.

"Yeye ana mkono mmoja tu, wa kushoto," nikamwambia fundi.

Akanipa ya kwake niishike. Ilikuwa kubwa, inazunguka upande mmoja kwa kasi, mbele imevalishwa manyoya ya kondoo. Alipoiwasha ilinivuta kuelekea ukutani kama mbuzi aliyeona majani, na nilikuwa nimeikamata kwa mikono yote miwili. Fundi akaizima. "Hii ikitulia mahali pamoja inaunguza rangi, hasa kwenye kingo, kule rangi ni nyembamba. Lakini kuna aina nyingine. Ile inazunguka huku inayumba. Kazi yake ni ya taratibu, ila haiunguzi ovyo. Katafute Korogwe."

Nilimwambia mume wangu nakwenda Magoma kumwona dada yangu. Ni kweli nilikwenda, ila baadaye. Kwanza nilishuka Korogwe, nikaingia kwenye duka la vifaa vya mafundi, joto limenikaba maana sisi wa juu tukishuka bondeni tunayeyuka. Mwenye duka, mwanamume mwenye mvi chache, akanipa shikamoo na kiti. Nilipomwambia ninachotaka akaleta mashine tatu, akazipanga juu ya meza.

"Hii ndiyo ya mafundi wote," akasema, akiipapasa ile kubwa. "Hii ikigusa tu, mkwaruzo unaomba msamaha."

Nikavua mtandio wangu, nikamwomba anifunge mkono wa kulia kwenye mwili.

"Pole, mama. Umeumia?"

"Sijaumia. Funga, tena ukaze."

Akanifunga. Wateja wawili waliokuwa wakichagua misumari waliacha misumari. Nikaomba mahali pa kujaribia, na kwa kuwa hakukuwa na gari, akanionyesha mlango wa chuma wa duka lake, wa kijani, uliopigwa jua mpaka ukawa na rangi ya majani makavu. Akanipakia dawa kidogo pale, ile wanayoiita kompaundi, akachomeka waya.

Ile kubwa sikufika nayo mbali. Kwa mkono mmoja ilinizungusha mimi badala ya kuzunguka yenyewe, na mteja mmoja akaruka kunidaka. Nikasema inayofuata.

Ya pili ilikuwa ya betri. Niliipenda kwa macho, kwani umeme wetu huku juu ukifika jioni unapwaya mpaka taa inakuwa kama mshumaa, na waya wenyewe ni kitu cha kumkwaza mtu mwenye fimbo. Lakini betri ilikaa nyuma, uzito wote ukaning'inia kwenye kifundo cha mkono. Halafu swichi ilitaka kidole kiibonyeze muda wote, na kile kitufe cha kuizuia isirudi kilikuwa kimewekwa panapofika dole gumba la mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto kitufe kilikuja chini ya kiganja, nikakibonyeza bila kutaka, ikaendelea kuzunguka wakati mimi nadhani nimeizima. Mwenye duka alisema miaka yote aliyouza hajawahi kuliona hilo. Nikamwambia ni kwa sababu hajawahi kufungwa mkono.

Ya tatu ilikuwa ndogo. Uso wake ulikuwa sawa na kisahani cha chai, na unaishika kwa juu, kwa kiganja, kama unavyoshika kichwa cha mtoto unayemnyoa. Swichi yake unaisukuma mara moja, inabaki hapo hapo. Kulikuwa na gurudumu dogo la kuongeza na kupunguza mwendo. Ilianza taratibu, haikuruka, ikatulia pale mlangoni ikiyumba na kuzunguka, na kiganja changu kikajaa mtetemo kama nimekikalia. Niliisogeza kushoto, nikaisogeza kulia. Ilikwenda nilikotaka.

"Lakini mama, nikwambie ukweli," mwenye duka akasema. "Hiyo ni ya mtu asiye na haraka. Kazi ya saa moja kwa ile kubwa, hii itakula siku nzima."

"Anazo siku nzima," nikamjibu. "Ndizo zinazomsumbua."

Hapo akaelewa, nafikiri, kwa sababu aliacha kunitania. Aliniuliza mgonjwa anashika vipi kijiko, ana nguvu gani begani, anasimama kwa muda gani. Akaniongezea sponji mbili, moja ngumu na moja laini, na waya mrefu wa kuunganishia, akanieleza waya upitishwe juu ya bega ili usiwe miguuni. Mlango wake ulibaki na duara la kijani kibichi katikati. Aliliangalia akasema sasa itabidi aumalize wote.

Nilifika nyumbani kesho yake nikiwa na boksi na hotuba niliyoitunga njiani. Hotuba ikanipotea mlangoni. Nikaliweka boksi juu ya meza mbele yake.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya gari."

Akaligeuza boksi kwa mkono wa kushoto, akaangalia picha.

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu. Kwa kushoto. Nilifungwa mkono."

Aliutazama mkono wangu wa kulia. Kisha akaomba miwani yake. Alisoma yale maelezo ya karatasini siku tatu. Mimi nisingesoma hata mstari mmoja, lakini yeye alisoma upande wa Kiingereza akamaliza, akarudia. Alipomaliza alinieleza mambo niliyokuwa nimekwisha kuyafanya kwenye mlango wa watu Korogwe, nami nikasikiliza kama mwanafunzi mzuri.

Jumamosi baada ya chai alitoka. Aliivuta kamba ya turubai kwa mkono mmoja, ikakwama kwenye kioo cha pembeni. Niliinuka.

"Mwalimu," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Kaa."

Nikakaa kwenye ngazi. Aliitoa mwenyewe, ilimchukua muda. Akaosha buti la gari kwa maji na kitambaa laini, akakausha. Akapaka dawa, akatega kiuno kwenye bampa ili apate kusimama bila fimbo, akaiwasha mashine. Aliisogeza polepole mno, mstari juu ya mstari, kama anapalilia. Baada ya nusu saa alizima, akafuta. Palikuwa na kipande cha buluu chenye ukubwa wa trei, na ndani yake wingu lilionekana. Nilifurahi, nikaona haya kufurahi.

Ilikuwa kazi ya Jumamosi nne. Milango aliifanya amekaa kwenye kigoda. Kwenye kingo alizima mashine akatumia kidole na kitambaa. Alipochoka aliacha, hata kama ni katikati ya mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kumalizia. Akina mama wa jumuiya wakipita barabarani walipunguza mwendo na kuangalia pembeni. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota alichokipoteza. Nilihesabu kwamba nimerudishiwa mume wangu na Jumamosi yake, na kwamba mambo yataendelea hivyo mpaka mwisho wetu.

Jumamosi ya nne, alipomaliza boneti, alikunja waya, akaja kukaa kando yangu kwenye ngazi.

"Mpigie mwanetu," akasema. "Mwambie Jumamosi ijayo aje, na leseni yake."

"Aje kufanya nini?"

"Kuchukua gari."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimeshuka milima, nimefungwa mkono mbele ya wanunua misumari, ili yeye apate gari lake, naye analitoa kama mkungu wa ndizi. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo jirani aliisikia.

Aliningoja nimalize. "Mimi siwezi kuendesha tena. Wewe hutaki kujifunza. Yule anabeba watoto kwenye pikipiki, na matope ya Bulwa unayajua. Nililiamua hili hospitalini, kabla sijarudi."

"Miaka miwili? Mbona hukumpa?"

Alihamia Kishambaa, ambacho ndicho tunachotumia jambo likiwa zito. "Nimpe vile lilivyokuwa? Angeuliza limefanywa nini."

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini? Nimwambie ni mama yake?"

Mwanetu alikuwa amekuja kwetu Krismasi mbili, na mara zote mbili aliuliza habari za gari, na baba yake alijibu kwamba limepumzika. Nilikuwepo, nilisikia. Kumbe turubai lile halikuwekwa ili mume wangu asilione gari, liliwekwa ili mwanetu asione nilichokifanya.

"Nilidhani umenikasirikia," nikasema.

"Nilikasirika," akasema. "Mpaka jioni."

Mwanetu alikuja Jumamosi iliyofuata, akatusalimu shikamoo wote wawili, akaweka begi chini. Alilizunguka gari mara mbili. Alipitisha kiganja juu ya boneti, akainama akajitazama kwenye mlango, akajiweka kitambaa vizuri kichwani.

"Baba, halijazeeka hata kidogo. Umelitunzaje na hali hii?"

Mume wangu alikuwa akimtafutia funguo mfukoni, mfuko wa kulia, kwa mkono wa kushoto, kazi inayomchukua muda. Hakuinua uso.

"Nilipolazwa," akasema, "mama yako na wenzake ndio walioliosha. Walikuja wote."

Mwanetu akanigeukia, uso umejaa shukrani. Nikasema naangalia chai. Niliingia jikoni nikarudishia mlango, nikalia mpaka maziwa yakafura na kuumwagikia moto, na nikawasikia kule nje wakiwasha injini.